Madaktari nyota tano, apu na mfumo wao nyota mbili

Mnaouliza kila siku hospitali gani binafsi ya kwenda na kadi ya bima hapa Dar bila kukaa foleni mpaka jioni, leo naipitia moja kwa kirefu. Jina siliweki maana nimeshawaandikia barua na wana haki ya kujibu kwanza, ila aliyewahi kutibiwa hapo akifika kwenye habari ya ile runinga ya mapokezi ataijua tu. Familia yetu yote tunatibiwa hapo, mimi, mume wangu, watoto, na mama mkwe akija kutoka Tanga anapelekwa hapo hapo, kwa hiyo siongei vitu vya kusikia.

Hawa jamaa hawatumii karatasi kabisa. Ukifika mara ya kwanza unapigwa picha, unaweka kidole kwa ajili ya bima, unapewa namba ya mgonjwa afu unaambiwa pakua apu. Humo ndo kuna miadi, majibu ya vipimo, dawa ulizoandikiwa, bili iliyokwenda bima, kila kitu.

Mazuri yapo na ni makubwa. Mi nina mzio wa penisilini, na zamani kila hospitali mpya nilikuwa lazima nijitetee mwenyewe, ukisahau kusema imekula kwako. Hapa kuna siku daktari, kijana mdogo tu, alikuwa anaandika dawa mara kisanduku chekundu kikamrukia kwenye skrini, akaacha kuandika akanigeukia, "Mama, kumbe penisilini hupatani nayo?" Mi nilikuwa hata sijafungua mdomo. Na mama mkwe sukari yake inafuatiliwa vizuri, daktari anamgeuzia skrini anamwonyesha kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kimechorwa mstari, anamuuliza hapa mama yangu ilipopanda hivi kulikuwa na nini, mama akaangalia tarehe, kumbe ndo mara tu baada ya Ramadhani, akacheka, "Kaimati hizo baba." Basi wakaelewana hapo hapo. Ukienda dirisha la dawa unakuta zimeshaandaliwa maana maelekezo yamefika kabla yako.

Kwa hiyo asije mtu akaniambia nataka turudi kwenye makaratasi. Makaratasi nayajua, nimekaa sana kwenye mabenchi ya masijala nikiambiwa faili halionekani nunua jingine, na zahanati ya kwetu mpaka leo unaenda na daftari lako la dukani, majirani wanakusomea ukurasa hadi ukurasa mkiwa foleni. Ninachouliza mimi ni kitu kimoja, nani anaona nini, na aliyeamua aone ni nani.

Anzia mapokezi. Kaunta ni ndefu, dada wanne, kila mmoja na kompyuta, na foleni inasimama mgongoni kwako kabisa, hamna mstari wa kusubiria wala kizuizi. Kwenye mfumo wao kuna kisanduku cha sababu ya kuja, kisipojazwa haiendi mbele. Hivi karibuni nilikuwa nyuma ya mzee mmoja, kanzu safi, kofia, mtu wa heshima zake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Umekuja na shida gani leo baba?"

"Nitaongea na daktari."

"Sawa baba, ila mfumo haunikubalii kuendelea bila kujaza hapa. Niambie tu kwa kifupi."

Mzee akageuka akatuangalia. Mi nikajifanya naangalia simu, nyuma yangu kulikuwa na wakina mama wawili na kijana mmoja hivi. Akarudi kwa yule dada akasema, "Weka homa."

Dada akaweka homa, na kosa sio lake, wala hakuwa na dharau. Ila ukishaandikwa homa mfumo unakupeleka mwenyewe, nesi akampima joto, akatumwa maabara kabla hata hajamwona daktari, baadaye namkuta amekaa kwenye kiti na pamba kidoleni ametoka kutobolewa kipimo cha malaria. Kilichomtoa nyumbani anakijua yeye. Kwenye rekodi yake ya hospitali, ile ambayo kesho na keshokutwa daktari mwingine ataifungua aamini, imeandikwa alikuja na homa, akapimwa malaria, bima ikalipa.

Hapo ndo nilipoanza kuuangalia huu mfumo kwa jicho jingine. Watu wanaposema faragha ya mgonjwa tunafikiria ni mambo ya aibu aibu tu, au ni mambo ya wazungu na wanasheria, kumbe ni suala la tiba yenyewe. Mgonjwa akiona hakuna siri anadanganya, na akidanganya kompyuta inahifadhi uongo kwa uaminifu mkubwa, na uongo ule una tarehe, saa na jina la aliyeuingiza. Wamenunua mfumo wa hela nyingi wanaujaza homa. Nadhani wakitoa takwimu zao za mwaka itaonekana mtaa wetu una homa kuliko mahali popote Tanzania.

Na hili nchi hii tulijifunza kitambo. Wapo watu wanaotumia ARV wanaoacha CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, iliyo jirani na nyumbani wanapanda basi kwenda wilaya nyingine au mkoa mwingine kuchukua dawa, nauli wanailipa, siku ya kazi wanaikosa, ili tu wasikutane na mtu anayewajua. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inasema wazi majibu ya kipimo ni siri, ila mtu haamini sheria, anaamini alivyoona watu wanavyosemwa. Kenya mwaka 2015 serikali iliagiza zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na VVU, kwa nia nzuri tu eti wahudumiwe, watu wakaenda mahakamani na Disemba 2016 Mahakama Kuu ikasema hapana, agizo linavunja katiba. Nia nzuri huwa haikosekani. Yule dada wa mapokezi naye ana nia nzuri.

Sasa runinga. Kubwa, ipo ukutani kwenye eneo la kusubiria, inaita watu. Inaandika jina lako kamili kwa herufi kubwa, la kwanza, la kati na la ukoo, chumba, na jina la kliniki. Jamani. Umekaa hapo na mtu wa kanisani kwenu, au mpangaji mwenzio, inatokea jina lako majina matatu, CHUMBA 9, NGOZI NA MAGONJWA YA ZINAA. Labda una fangasi tu za vidole. Nani atauliza? Kuna dada niliona jina lake limetokea hakunyanyuka, likarudiwa, likarudiwa, akasubiri watu wapungue ndo akaingia, na kwa wakati huo alishapitwa na wawili. Benki wanatuita kwa namba, A047 dirisha la tatu, na pale ni hela tu.

Apu ndo penyewe, tulia hapa maana wengi mnaotibiwa kwa bima ya mwenza au ya mzazi linawahusu.

Bima yetu ni ya kazini kwa mume wangu, yeye ndo mwanachama mchangiaji, sisi wengine ni wategemezi. Sawa. Nilikwenda mwenyewe kwa daktari wa wanawake kwa jambo langu la kawaida, kipimo cha mlango wa kizazi ambacho kila mwanamke anatakiwa apime. Majibu yalipotoka sikupata meseji mimi. Alipata yeye, yuko kazini huko, akanipigia, "Mama Aisha, naona hapa wameandika majibu yako ya kizazi yako tayari, kwema lakini?" Kwema. Mume wangu mtu mwema na mambo yangu anayajua, halikuharibika neno. Jioni nikamwomba simu nikafungua apu yake. Kuna sehemu imeandikwa Wategemezi, picha zetu tumepangwa kama timu ya mpira, mimi, watoto, mama. Nikagusa uso wangu. Ikafunguka Ziara, Vipimo, Dawa, Bili. Kila kitu tangu tulipoanza pale, mpaka maelezo ya daktari nilipokwenda na msongo baada ya msiba wa baba yangu.

Nikachukua simu yangu, nikaingia kwenye apu yangu, nikagusa jina lake. Ikaandika: Huna ruhusa ya kuona taarifa za mwanachama huyu.

Tulicheka, ila mi kicheko hakikufika chini. Maana nyumba sio zote hii yetu. Kuna wanawake wangapi wanachoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa sababu tu haionekani, sio kidonge cha kukutwa kwenye mkoba, afu apu inaandika Depo, jina la hiyo sindano, tarehe na saa, kwenye simu ya baba mwenye nyumba? Na binti yuko chuo Dodoma, ana miaka 19, ni mtu mzima kisheria, anapiga kura, ila yuko kwenye bima ya baba yake, akienda kupima mimba hata kama haipo baba anapata meseji kabla binti hajasomewa majibu. Mnadhani huyo binti mwakani ataenda hospitali? Ataenda famasia ya uchochoroni atanunua kipimo na atakachouziwa pamoja nacho.

Nilikwenda huduma kwa wateja kuuliza. Kaka mmoja mpole sana akaniambia, "Dada yangu, anayelipa ndo mwenye akaunti, mfumo ndo ulivyo." Nikamwambia kaka, bima inahitaji kujua imelipia nini, sawa, ila mume wangu sio bima, na kwenye bili anaweza kuona nimehudumiwa siku fulani kiasi fulani bila kuona nimepimwa nini. Akasema wazo zuri ataliwasilisha. Sawa.

Kitu kingine, meseji zao zinatokea kwenye skrini hata simu ikiwa imefungwa, na zinataja kipimo. Simu ipo mezani ofisini, inawaka, wenzako wanasoma. Wangeandika tu una ujumbe mpya kutoka hospitali, ingetosha. Na majibu mengine wanatuma WhatsApp, faili tupu lisilo na neno la siri. Laini zetu hizi usipoitumia muda mrefu mtandao unampa mtu mwingine, kwa hiyo mgonjwa aliyebadilisha namba asiwaambie, majibu yake anayasoma mtu baki mwenye namba yake ya zamani.

Nyuma ya pazia kukoje? Nilichoona kwa macho yangu ni meza ya manesi, laptopu moja, kikaratasi cha njano kimebandikwa pembeni ya skrini kina jina la kuingilia na neno la siri, na nesi anamwambia mwenzie "ingia na ya daktari, yangu imejifunga." Sasa hata ukija kutafuta nani alifungua faili la mgonjwa fulani utakuta daktari, na daktari hajui hata kama huyo mgonjwa alifika siku hiyo.

Na kuchungulia kupo dunia nzima msidhani ni sisi tu. Marekani mwaka 2008 hospitali ya UCLA ilibidi ichukue hatua ya kuwafukuza wafanyakazi wasiopungua 13 kwa kuchungulia rekodi za Britney Spears, watu ambao hata hawakuwa wanamtibu. Machi 2024 London Clinic, hospitali ya wakubwa kabisa, ikaripotiwa inachunguzwa kwa madai kwamba mfanyakazi alijaribu kufungua faili la Kate, mke wa Prince William. Tofauti ni kwamba kule kompyuta ilijua nani kafungua. Estonia ndo wameniacha mdomo wazi, tangu 2008 wana mfumo mmoja wa afya wa nchi nzima na mwananchi akiingia kwa kitambulisho chake anaona orodha ya kila aliyefungua rekodi zake, na anaweza kufunga asichotaka kionekane. Mtu akichungulia bila sababu anajua ataonekana na mwenyewe. Hicho kitu mi ningekipenda kuliko hiyo picha ya moyo unaodunda waliyoweka ukifungua apu.

Afu kuna wezi wenyewe sasa wa mtandaoni. Finland kulikuwa na kampuni ya ushauri wa kisaikolojia inaitwa Vastaamo, kumbukumbu za watu walizoongea na washauri wao, mambo ya ndoa, ya utotoni, ziliibiwa, na Oktoba 2020 mwizi akaanza kuwaandikia wagonjwa mmoja mmoja, lipa euro 200 ama naziweka hadharani. Watu kama 33,000. Kampuni ikafilisika 2021, na Aprili 2024 mahakama ikamhukumu Aleksanteri Kivimäki kifungo cha miaka sita na miezi mitatu. Seva yao ilikuwa imelindwa hovyo. Mi nikikumbuka kile kikaratasi cha njano napata kizunguzungu.

Sheria tunayo, watu wengi hawajui. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ipo, Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa binafsi nyeti, na hospitali inahesabika mkusanyaji, inatakiwa isajiliwe na Tume na iwe na afisa wa kulinda hizo taarifa. Una haki ya kuomba uone wana nini kuhusu wewe, kurekebishiwa kilicho kosa, na kukataa kutumiwa matangazo. Nilipouliza pale mapokezi afisa wao wa ulinzi wa taarifa ni nani wakanielekeza kwa mlinzi wa getini. Sitanii. Mlinzi naye akanisalimia vizuri akaniuliza kama nimeibiwa.

Ile fomu ya ridhaa yenyewe iko kwenye tableti, Kiingereza mwanzo mwisho, unashushaaa unabonyeza nakubali huku dada anakwambia ni kawaida tu mama. Ndani yake, niliomba nitumiwe nikaisoma nyumbani kwa utulivu, kuna kipengele unakubali kupokea matangazo ya huduma zao na za washirika wao. Washirika akina nani hawasemi. Hapo ndo nikaelewa kwanini mama mkwe alipoanza kliniki ya sukari zikaanza kuja meseji za ofa, unaishi na kisukari, njoo kifurushi maalum. Marekani Februari 2023 GoodRx, hawa wa apu ya punguzo la dawa, walitozwa dola milioni 1.5 kwa kuwapa Facebook na Google taarifa za dawa za wateja bila kuwaambia, kwa hiyo neno mshirika lisikupite hivi hivi.

Na tunakoelekea rekodi zitazidi. Hospitali za serikali zina GoT-HoMIS, mfumo wao wa kompyuta wa kutunza taarifa za wagonjwa, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepita 2023, maana yake kila Mtanzania atakuwa na faili kwenye kompyuta mahali fulani akitaka asitake. Ni jambo jema, mi naliunga mkono kabisa, ila haya mambo ya nani mchangiaji nani mtegemezi yakichukuliwa kama yalivyo kwenye hizi apu binafsi yatamfuata mpaka mama wa kijijini.

Ukienda pale, mapokezi sema tu ushauri wa daktari, nimejaribu na mfumo unapokea, hao dada hawawaambii watu ila unapokea. Tableti wakikupa, kile kipengele cha matangazo kina alama ya tiki tayari, iondoe, huduma utapata vile vile. Kwenye simu zima ule ujumbe unaotokea skrini ikiwa imefungwa. Namba yako ya simu hakikisha wameandika yako sio ya mume, na kama una jambo usilotaka mchangiaji alione, mwambie daktari mwenyewe mkiwa chumbani, wapo wanaoelewa, kuna mmoja alinishauri kipimo changu kingine nilipie taslimu kiende kwenye namba tofauti. Inauma kulipia mara mbili kitu ambacho bima inakatwa kila mwezi kwenye mshahara, lakini ndo njia iliyopo saivi.

Nyota sasa. Madaktari tano, bila kupepesa macho. Manesi nne. Maabara nne, wana haraka na wanachoma vizuri hata watoto. Dirisha la dawa tano. Usafi tano, choo kina sabuni na maji siku zote. Maegesho nyota mbili, ukifika baada ya saa tatu asubuhi utaegesha barabarani na wale vijana wa ushuru watakukuta. Apu na mfumo mbili, na hizo mbili ni kwa ajili ya kile kisanduku chekundu cha penisilini na mstari wa kaimati.

Barua yangu nimeomba vitu vitatu tu, akaunti ya mtu mzima iwe yake mwenyewe hata kama ni mtegemezi, runinga iite namba, na kile kisanduku cha mapokezi kisiwe cha lazima. Wamenijibu wamepokea. Nimewapa muda, wakikaa kimya naipeleka Tume, na wakirekebisha nitarudi hapa kuongeza nyota na jina lao nitaliweka.